Bei za Jana: Kusoma Historia ya Hisa ya Benki

Tuseme mwalimu wa Rongo alinunua hisa 1,000 za Benki ya Co-operative zilipouzwa kwa umma mwishoni mwa 2008. Kila hisa ilikuwa shilingi 9.50, kwa hiyo alitoa shilingi 9,500. Mwisho wa 2023 anafungua ukurasa wa bei gazetini na kuona hisa hiyo inazunguka shilingi 11. Anakunja gazeti akiamini kwamba miaka 15 imemletea shilingi moja na nusu tu kwa kila hisa, na kwamba ng'ombe mmoja angemfaa zaidi.

Bei zote mbili alizoziona ni za kweli. Alichokikosa ni yaliyotokea katikati. Mwaka 2012 benki hiyo iliwapa wenyehisa hisa moja ya bonasi kwa kila hisa tano walizokuwa nazo. Mwaka 2014 ikatoa moja kwa kila sita, na 2017 ikatoa tena moja kwa kila tano. Hisa 1,000 zikawa 1,200, zikafika 1,400, kisha 1,680, na mwalimu hakuongeza hata senti. Gawanya shilingi 9,500 kwa hisa 1,680 uone: gharama halisi ya kila hisa ni takriban shilingi 5.65. Hiyo ndiyo bei ya kulinganisha na ile ya gazetini, wala si 9.50 anayoikumbuka. Kwa shilingi 11, hisa zake zina thamani ya 18,480.

Kuna jambo ambalo jedwali la bei halionyeshi kabisa, nalo ni gawio. Kwa kila mwaka wa fedha kuanzia 2018 hadi 2021, Co-operative ililipa shilingi moja kwa hisa. Kuanzia 2022 hadi 2024 ililipa shilingi 1.50. Kwa hisa 1,680, gawio la miaka hiyo saba, likiwemo lililolipwa baada ya siku ile ya gazeti, ni shilingi 14,280. Ukitoa kodi ya asilimia 5 inayokatwa kabla ya mwenyehisa kulipwa, zinabaki 13,566, nazo zinapita mtaji wote aliouweka. Simwambii mwalimu kwamba ametajirika. Shilingi 9,500 za 2008 zilinunua mahindi mengi kuliko shilingi 9,500 za leo, na hesabu ya haki lazima ikumbuke mfumuko wa bei. Ila kauli kwamba pesa zililala si ya kweli, na aliyeuza hisa zake kwa kuiamini aliuza kwa hesabu mbovu.

Hapa pia kuna mtego unaowahusu wanachama wa vyama vya ushirika, ambao ni wengi huku kwetu. Benki ya Co-operative inamilikiwa kwa sehemu kubwa na vyama kupitia Co-opholdings, yenye zaidi ya asilimia 64 ya hisa zote. Hisa ambazo chama chako kinazo ndani ya Co-opholdings haziuzwi katika Soko la Hisa la Nairobi. Hivyo bei ya gazetini ni ya hisa alizonunua mwalimu kwa jina lake mwenyewe. Ukitaka kujua thamani ya sehemu ya chama, angalia vitabu vya chama na ukaulize kwenye mkutano mkuu.

Bonasi huishusha bei kidogo. Kugawanya hisa huishusha kwa kishindo. KCB iligawanya kila hisa kuwa kumi mwaka 2007, na Equity, iliyoingia sokoni Agosti 2006, ikafanya vivyo hivyo mapema 2009. Anayechora bei hizo kwenye karatasi bila kujua tukio hilo ataona benki imepoteza tisa ya kumi ya thamani yake kwa siku moja. Mama anayeuza omena Mbita angelielewa hili bila somo: ukiacha gorogoro na kuanza kupimia kikombe, bei ya kipimo lazima ishuke, ilhali omena iliyo kwenye gunia ni ileile. Kwa hiyo kabla ya kutumia orodha yoyote ya bei za zamani, uliza kama imerekebishwa. Orodha iliyorekebishwa imezigawa bei zote za kabla ya tukio ili zilingane na hisa za leo. Isiyorekebishwa inaonyesha bei kama zilivyochapishwa siku ile. Zote mbili zina kazi, lakini kuzichanganya kwenye hesabu moja ni kosa linaloweza kukupotosha mara kumi.

Kuna pia mteremko mdogo wa kila mwaka unaowatisha wageni. Benki nyingi za Kenya hutangaza matokeo ya mwaka kufikia mwisho wa Machi, hutaja gawio, kisha huweka tarehe ya kufunga daftari la wenyehisa. Aliyemo kwenye daftari siku hiyo atalipwa, na anayenunua baadaye atangoja gawio lijalo. Basi watu hununua kabla ya tarehe hiyo na bei hupanda. Daftari likifungwa, bei hushuka kwa kiasi kinachokaribia gawio lenyewe, kwa kuwa mnunuzi mpya hapati fedha hizo. Hakuna kilichoharibika ndani ya benki. Ukiona mteremko wa Aprili au Mei, tafuta kwanza tarehe ya daftari ndipo utafute habari mbaya.

Habari mbaya nazo zipo, na ndizo zinazofanya historia ya bei istahili kusomwa kwa makini. Tarehe 24 Agosti 2016, Rais Uhuru Kenyatta alitia sahihi mswada wa mbunge Jude Njomo uliowekea riba ya mikopo kikomo cha pointi nne juu ya kiwango cha Benki Kuu. Siku iliyofuata hisa za benki kubwa zilianguka kwa karibu asilimia 10, ambacho ndicho kikomo cha kushuka kwa siku katika soko la Nairobi. Tazama bei za benki kadhaa za wiki ile kwa pamoja: zote zilishuka. Hiyo ndiyo alama ya tatizo la sekta nzima. Zikishuka zote, sababu itafute kwenye sheria, riba ya Benki Kuu au hali ya nchi. Ikishuka moja huku wenzake wamesimama, fungua hesabu za benki hiyo usome mikopo isiyolipwa.

Kikomo kile kiliondolewa Novemba 2019, na bei zilikuwa zimeanza kupanda wiki chache kabla, mara ilipojulikana kwamba Rais anataka kifutwe. Soko halikungoja sheria ichapishwe. Kisha tarehe 13 Machi 2020 mgonjwa wa kwanza wa korona akatangazwa nchini, na biashara ikasimamishwa kwa muda siku hiyohiyo kwa jinsi bei zilivyoporomoka. Mwezi Mei, Equity ikaondoa gawio la shilingi 2.50 ililokuwa imependekeza. Mkulima wa miwa wa Awendo mwenye hisa na mkopo pia aliyaishi matukio haya pande zote mbili. Wakati wa kikomo riba ilipungua kwenye karatasi, lakini benki zilipendelea kuikopesha serikali kuliko kumkopesha yeye, na hisa yake nayo ilidhoofika.

Nayasema matukio haya kwa mkazo kwa sababu wengi huipima benki kwa foleni ya tawi lao. Tawi la Homa Bay likijaa siku ya mshahara, wanaamini hisa itapanda. Lakini bei inabeba kundi zima la kampuni. Equity ilinunua benki ya BCDC ya Kongo mwaka 2020, na KCB ikanunua Trust Merchant Bank ya nchi hiyohiyo mwaka 2022. Mambo ya Kinshasa na Lubumbashi sasa yanaigusa hisa ya mtu wa Oyugis kuliko foleni anayoiona.

Pamoja na bei, soma idadi ya hisa zilizouzwa siku hiyo. Bei iliyowekwa na wauzaji wawili walioachia hisa mia chache haina uzito sawa na bei iliyokubaliwa kwa mamilioni ya hisa. Hisa za KCB, Equity na Co-operative huuzwa kwa wingi karibu kila siku. Benki ndogo zinaweza kukaa siku nyingi bila biashara ya maana, na bei unayoiona ikawa ni ya zamani iliyokwama.

Kuna pia benki ambazo orodha ya bei zake imekatika. Ukichukua benki zilizopo sokoni leo ukasema hisa za benki hazijawahi kumtupa mtu, umewasahau wenyehisa wa National Bank. KCB iliichukua mwaka 2019 kwa kubadilishana hisa kumi za National Bank kwa moja ya KCB, na jina likatoka sokoni. Mwaka huohuo NIC iliungana na CBA ikawa NCBA, na mwaka uliofuata Barclays ya Kenya ikawa Absa. Tofauti kati ya Absa na National Bank ni kubwa. Absa ni benki ileile iliyobadilisha jina, na historia yake inaendelea. Historia ya National Bank inaishia pale, na anayeitafuta lazima aihamishie kwenye KCB kwa uwiano wa kumi kwa moja.

Je, bei za jana zitakuambia bei ya kesho? Hapana. Zinakuonyesha hisa hiyo iliwahi kuanguka kwa kiasi gani, ilichukua muda gani kuinuka, na kama wewe ungevumilia.

Matumizi ya bei za zamani ambayo nadhani ndiyo makubwa zaidi huku kwetu ni ya mirathi. Serikali ilianza kuuza hisa za KCB kwa umma mwaka 1988, na cheti cha karatasi cha enzi hizo bado kinaweza kupatikana ndani ya sanduku la mzee aliyefariki. Familia inapoomba usimamizi wa mirathi inatakiwa kuorodhesha mali pamoja na makadirio ya thamani yake. Bei ya kufungia ya siku ya kifo ni kipimo ambacho ndugu hawawezi kukibishia, kwa kuwa imechapishwa. Lakini usiizidishe kwa idadi iliyoandikwa kwenye cheti. Cheti cha kabla ya 2007 kinachosema hisa 100 kinasimamia angalau 1,000 baada ya mgawanyo. Peleka nambari ya cheti kwa msajili wa hisa, uombe taarifa ya akaunti tangu hisa zilipotolewa, na uulize kuhusu gawio ambalo halikuchukuliwa, kwani huenda limeshapelekwa UFAA, mamlaka inayotunza fedha zisizodaiwa. Ukishapata idadi kamili, ndipo utafute bei ya tarehe ile.