Dodge, Mustang na Camaro kwenye njia panda: shaba na kobalti ya Katanga itaelekea wapi?

Mwezi wa 12 mwaka 2023, magari mawili maarufu ya Marekani yalifika mwisho wa safari karibu kwa wakati mmoja. Kule Lansing, katika jimbo la Michigan, Chevrolet Camaro ya mwisho ilitoka kiwandani. Kule Brampton, nchini Kanada, ikatoka Dodge Challenger ya mwisho. Yote mawili ni magari ya spoti ya milango miwili, yanayojulikana kwa moteri kubwa ya esansi yenye silinda nane.

Pweto, kwenye mwambao wa ziwa Moero, hakuna anayengojea Camaro. Gari linalongojewa huko ni lori la kupeleka samaki Lubumbashi, na wakati wa mvua hata hilo linaweza kukwama njiani. Lakini uamuzi wa watengenezaji wa Marekani juu ya gari litakalofuata unaigusa Pweto na jimbo zima la Haut-Katanga. Swali wanaloulizana ni kama gari jipya litembee kwa esansi au kwa betri, na jibu lake huku Katanga linapimwa kwa kilo za shaba na za kobalti.

Kila kitu kinaanzia kwenye shasi

Fundi wa garaji anaijua shasi kama mifupa ya gari. Kwa watengenezaji wa leo neno hilo limepanuka. Wanamaanisha msingi mzima ambao gari linajengwa juu yake: mahali pa kuweka moteri, namna magurudumu yanavyoshikwa, usukani, nyaya, na kwa gari la umeme, nafasi ya betri chini ya sakafu. Kuunda msingi wa namna hiyo kunakula fedha nyingi sana, kwa hiyo hakuna kampuni inayopenda kuutumia kwa gari moja tu.

Zamani gari la spoti liliweza kujilipia lenyewe. Kwa modeli ya mwaka 1966 Ford ilitengeneza Mustang zaidi ya 607,000. Mwaka 2024 iliuza Marekani karibu 44,000 tu, kwa sababu wanunuzi wengi wamehamia kwenye jeep na pick-up. Siku hizi gari la spoti linaishi kwa kupanda mgongoni mwa mengine. Camaro iliyokufa mwaka 2023 ilikuwa imejengwa juu ya msingi unaoitwa Alpha, ambao General Motors iliutumia pia kwa magari ya Cadillac.

Kampuni tatu, njia tatu

Kampuni ya Stellantis, yenye kumiliki Dodge na Jeep, ndiyo iliyojaribu njia mpya kuliko wengine. Mwezi wa tatu mwaka 2024 ilionyesha Dodge Charger mpya, iliyojengwa juu ya msingi unaoitwa STLA Large. Msingi huo ndio unaobeba pia Jeep Wagoneer S ya umeme. Ubora wake ni kwamba unapokea betri au moteri ya esansi bila kuunda gari upya kutoka mwanzo.

Dodge ilianza na umeme. Charger Daytona ina betri ya kilowati-saa 100 hivi, na ile yenye nguvu zaidi inafikia nguvu za farasi 670. Gari hilo lina uzito wa zaidi ya tani mbili na nusu. Kwa kuwa gari la umeme halina mngurumo, wahandisi walilitilia chombo maalum cha kutoa sauti kubwa, ili mpenzi wa Dodge asijione ameketi ndani ya friji.

Sauti hiyo haikutosha kuwavuta wanunuzi. Mwaka 2025 kampuni iliondoa toleo la bei nafuu la umeme kwenye orodha ya magari ya mwaka 2026. Mwezi wa nane ikaonyesha Charger ya esansi, yenye moteri ya silinda sita ya lita 3,0, katika matoleo mawili ya nguvu za farasi 420 na 550. Kama msingi wake ungekuwa wa betri peke yake, mabadiliko hayo yangehitaji kuanza kazi upya.

Ford ilichukua njia ya tahadhari. Mustang mpya iliyoonyeshwa mwezi wa tisa mwaka 2022 inasimama juu ya msingi wa ile iliyotangulia, ukiwa umefanyiwa marekebisho, na imebaki na moteri ya V8 ya lita 5,0. Umeme ilipewa Mustang Mach-E, gari la familia lenye msingi wake tofauti, ambalo la Mustang ya zamani lina jina na alama tu.

General Motors ilipotangaza mwisho wa Camaro mwezi wa tatu mwaka 2023 ilisema kwamba hakuna mrithi wa moja kwa moja, ila historia ya jina hilo haijafungwa. Hadi mwisho wa mwaka 2025 ilikuwa haijatangaza rasmi gari la kushika nafasi yake.

Siasa nayo ilisukuma. Sheria iliyotiwa sahihi Washington mwezi wa saba mwaka 2025 ilifuta, kuanzia tarehe 30 mwezi wa tisa, msaada wa hadi dola 7,500 uliokuwa ukitolewa kwa mnunuzi wa gari la umeme. Mwezi wa 12 mwaka huo huo, Ford ilitangaza kwamba kupunguza mipango yake ya magari ya umeme kutaigharimu dola bilioni 19,5.

Sura ya zamani, tumbo jipya

Kwa upande wa sura, watengenezaji hawathubutu kwenda mbali na miaka ya 1960. Charger mpya ina umbo refu, la zaidi ya mita tano, na mistari inayokumbusha Charger ya mwaka 1968. Mbele yake, toleo la umeme lina bawa lililofichwa ndani ya pua ya gari, ambalo upepo unapita chini yake. Ni ukumbusho wa Charger Daytona ya mwaka 1969, na wakati huo huo linalipunguzia gari nguvu ya upepo ili betri idumu zaidi.

Mustang nayo imebaki na boneti ndefu na taa za nyuma zenye mistari mitatu. Camaro ya mwisho iliacha somo lingine: madirisha yake yalikuwa membamba hivi kwamba madereva wengi walilalamika hawaoni vizuri nje. Yeyote atakayeifufua atalazimika kuanzia hapo.

Mwelekeo unaonekana wazi: nje ni sura ambayo baba wa mnunuzi aliipenda, chini ni msingi unaokubali esansi leo na betri kesho.

Kobalti inabanwa pande mbili

Shirika la Kimataifa la Nishati linakadiria kwamba gari la kawaida la umeme lenye betri ya nikeli na kobalti linahitaji kilo 13 hivi za kobalti. Moteri ya esansi haihitaji betri hiyo. Kwa hiyo kila mnunuzi anayeacha Charger ya umeme akachukua ya esansi, anaacha pia madini ambayo zaidi ya asilimia 70 yake duniani hutoka Kongo.

Upande wa pili ni betri zenyewe. Tangu mwaka 2023 Ford inatumia katika baadhi ya Mach-E betri za chuma na fosfati, ambazo hazina kobalti hata gramu moja. Mwaka 2025 General Motors na LG zilitangaza betri yenye manganizi nyingi na kobalti kidogo sana, inayopangwa kuanza kutumika mwaka 2028. Na mwaka 2022, General Motors ilipoandikiana mkataba wa kobalti na Glencore, ilichagua mgodi wa Murrin Murrin ulioko Australia, ingawa Glencore hiyo hiyo ina migodi mikubwa katika jimbo la Lualaba.

Bei inaeleza mengine. Mwaka 2022 tani moja ya kobalti ilipita dola 80,000. Mwanzoni mwa mwaka 2025 ilikuwa imeanguka hadi karibu dola 21,000. Tarehe 22 mwezi wa pili mwaka 2025 serikali ya Kinshasa ilisimamisha kuuza kobalti nje, na kuanzia tarehe 16 mwezi wa kumi ikaweka kiasi maalum: tani 18,125 kwa miezi iliyobaki ya mwaka huo, na tani 96,600 kwa kila mwaka wa 2026 na 2027.

Hatua hiyo ilipandisha bei tena. Hatari yake ni kwamba mtengenezaji wa gari akiona kobalti ni ghali na haina uhakika, anapata sababu nyingine ya kuikimbia.

Shaba ndiyo inayobaki

Shaba ni habari nyingine. Kwa hesabu ya shirika hilo hilo, gari la esansi lina kilo 22 hivi za shaba, na la umeme kilo 53. Msingi wowote utakaochaguliwa Detroit, shaba imo. Kinachobadilika ni kiasi. Kongo sasa ni ya pili duniani kwa kuchimba shaba, na mwaka 2024 ilitoa zaidi ya tani milioni tatu.

Teritware ya Pweto inaifahamu hesabu hiyo. Mgodi wa Dikulushi, kilomita 50 hivi kutoka Kilwa, ulifunguliwa mwaka 2002 na kampuni ya Anvil Mining. Ulitoa shaba na fedha, si kobalti. Madini yake yalipakiwa Kilwa kwenye feri, yakavuka ziwa Moero hadi upande wa Nchelenge, Zambia, ndipo yakaendelea kwa barabara.

Mwisho wa mwaka 2008, matatizo ya mabenki ya Marekani yaliangusha uchumi wa dunia. Bei ya shaba ilishuka chini ya dola 3,000 kwa tani, na Dikulushi ikasimamishwa. Miezi michache baadaye, mwezi wa sita mwaka 2009, General Motors yenyewe ilijiweka chini ya ulinzi wa sheria ya kufilisika. Mtikisiko huo mmoja ulifika Detroit na mwambao wa Moero ndani ya majira yale yale.

Faida ibaki wapi?

Sheria ya madini ya mwaka 2018 inasema kwamba katika ushuru unaolipwa kwa madini yaliyouzwa, asilimia 50 inakwenda kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa sekta au cheferi yenye mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Tena mgodi unapaswa kutoa asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji wa karibu. Mgodi ukisimama, fungu la cheferi linasimama nao: hakuna mauzo, hakuna ushuru.

Njia ya kupunguza hatari hiyo ni kuuza kitu kilichotengenezwa. Mwezi wa nne mwaka 2022, Kongo na Zambia zilitia sahihi mkataba wa kutengeneza pamoja vifaa vya betri, na Chuo Kikuu cha Lubumbashi kikapata kituo cha utafiti wa betri. Uchunguzi wa BloombergNEF wa mwaka 2021 ulionyesha kwamba kiwanda cha kutengeneza tani 10,000 za malighafi ya ndani ya betri kingegharimu dola milioni 39 kikijengwa Kongo, yaani theluthi moja ya gharama yake Marekani.

Lakini kiwanda hicho kikijengwa kwa ajili ya betri ya kobalti peke yake, kitakuwa kama gari lenye msingi unaopokea moteri ya aina moja. Dodge iliokolewa na msingi unaokubali njia mbili. Haut-Katanga nayo ina shaba, ambayo kila gari inaihitaji, na inaweza kuitengeneza kuwa nyaya na vipande vya moteri za umeme kabla haijavuka mpaka wa Kasumbalesa.

Kwa Pweto, kuna jambo la kutangulia yote hayo. Shaba, samaki na mahindi vinapita njia ile ile ya kwenda Lubumbashi. Barabara hiyo ikipitika mwaka mzima, mkaaji wa Moero atapata faida yake hata kama Camaro haitarudi kamwe.