Kimo cha Maji: Kutoka Tangi la Samaki hadi Kihoto

Katika tangi la samaki, kimo cha maji huamuliwa na mdomo wa bomba la kutolea ziada: ukiinuliwa, maji hupanda, ukishushwa, hushuka. Ziwa Naivasha halina mdomo wa namna hiyo. Mito ya Malewa na Gilgil huliingizia maji, nayo hutoka kwa mvuke na kwa kupenya ardhini, hali inayoliepusha na chumvi. Hapo kale, lilipokuwa kubwa zaidi, ziada ilitokea katika korongo la Njorowa, ambalo sasa liko juu mno. Kwa hiyo mvua ikizidi, ziwa hutanuka ufuoni, kama lilivyoingia katika nyumba za Kihoto mwaka 2020 na tena 2025. Hapa fundi hana bomba la kushusha. Linalowezekana ni kujenga mbali na ufuo.