Kuvusha intaneti ng'ambo ya mtaa si suala la nguvu

Wiki hii tuzungumzie jambo ambalo wakazi wa katikati ya jiji la Dar es Salaam wanalifahamu kwa machungu: intaneti inayokamata vizuri sebuleni, lakini ikifika jengo la pili inakata roho.

Tatizo hili limeletwa na jinsi Posta na Kariakoo zilivyojengwa. Mtu anaishi ghorofa ya tatu katika Mtaa wa Narung'ombe, fremu yake ya biashara iko chini ya jengo la upande wa pili, na stoo iko nyuma ya fremu. Nyumbani amelipia intaneti ya mwezi mzima. Ng'ambo ya mtaa, mwendo wa hatua 40 tu, analazimika kununua vifurushi vya simu ili aone kamera zake za ulinzi na kuwajibu wateja wa Mbeya na Lubumbashi wanaoagiza mzigo. Kitu kimoja anakilipia mara mbili. Akienda kuulizia dawa, anaambiwa: "Mzee, chukua busta, hiyo ina nguvu." Baada ya wiki moja busta iko kabatini, na fedha haziko mfukoni.

Mimi ni mtu wa redio, na waifai nayo ni redio. Ndani ya rauta yako mna kituo kidogo kinachorusha mawimbi, na ndani ya simu yako mna kituo kingine. Tofauti ni kwamba sisi huku studio tunasema na ninyi mnasikiliza tu, lakini waifai ni mazungumzo ya pande mbili. Rauta ikisema, lazima simu ijibu, na jibu hilo lirudi likasikike. Ndiyo maana kuongeza nguvu upande mmoja hakusaidii sana. Rauta itapaza sauti na kusikika hadi stoo, lakini simu ya stoo bado itajibu kwa sauti yake ileile ndogo.

Halafu kuna ukuta. Nyumba za zamani za Kariakoo, zile za Kiswahili za chini, zimekuwa zikibomolewa kupisha maghorofa, na ghorofa ni zege lenye nondo. Chuma na zege ni maadui wa mawimbi haya. Hali kadhalika bati, tanki la maji na vile vioo vinavyong'aa kama fedha. Masafa ya gigahezi 2.4 hupenya ukuta kwa nafuu, lakini ndiyo yaliyojaa watu, na kwa kawaida njia tatu tu ndani yake, yaani ya 1, ya 6 na ya 11, ndizo hutumika bila kuingiliana. Masafa ya gigahezi 5 yana nafasi kubwa zaidi, ila yakikutana na ukuta huchoka mapema.

Kwa hiyo kila mwenye rauta akiongeza nguvu, mambo huwa kama wauzaji wenye vipaza sauti Mtaa wa Kongo. Mmoja akipandisha sauti, jirani naye anapandisha, na mwishowe mteja hasikii bei ya mtu yeyote.

Na hiyo busta je? Mara nyingi ni kirudiaji tu: husikia, kisha hurudia. Kikiwa na redio moja ndani yake, hakiwezi kusikia na kusema kwa wakati mmoja, kwa hiyo kasi hushuka hadi karibu nusu. Aidha, ukikiweka stoo ambako mawimbi hayafiki, hakina cha kurudia. Kama huna budi kukitumia, kiweke dirishani, pale ambapo bado kinaisikia rauta vizuri.

Dawa yenyewe ni njia, wala si nguvu. Fikiria koroboi na tochi. Koroboi inatupa mwanga kila upande, na mwingi unaishia ukutani. Tochi inaukusanya mwanga na kuupeleka mahali pamoja. Antena za rauta ya nyumbani ni koroboi. Kwa kuvuka mtaa unahitaji tochi mbili, yaani jozi ya antena za mwelekeo, moja kwenye baraza au paa la jengo hili, nyingine jengo lile, zikitazamana bila kizuizi. Kutoka antena ya pili, waya unashuka hadi stoo na kuingia kwenye rauta ndogo ya humo ndani.

Mwaka 2007 mtaalamu Ermanno Pietrosemoli na wenzake waliunganisha milima miwili nchini Venezuela kwa waifai, umbali wa kilometa 382. Siri yao ilikuwa madishi yanayotazamana kutoka vileleni, na njia iliyo wazi. Wewe unataka mita 60.

Lakini wazi maana yake nini? Haitoshi jicho kuona upande wa pili kwa kuchungulia kwenye upenyo. Mawimbi hutanuka katikati ya safari. Kwa mita 60 na masafa ya gigahezi 5, acha karibu mita moja bila kizuizi kila upande wa mstari unaounganisha antena hizo. Mwembe, bango la tangazo au kamba ya nguo za jirani ikiingia hapo, utaona kasi inayumba.

Jambo jingine linalowasumbua wengi ni anwani. Rauta moja tu ndiyo igawe anwani kwa vifaa vyote, na ile ya pili izimwe kazi hiyo. Zikigawa zote mbili, ni sawa na wakala wawili wa mabasi kuuza kiti kimoja kwa abiria wawili. Na nywila iwe ndefu, kwa maana mawimbi yakivuka mtaa, yanapita pia mbele ya macho ya wengine.

Wapo watakaosema: kwa nini tusivute waya tu? Hapo naomba tuwe waangalifu. Waya wa shaba wa mtandao una kikomo cha mita 100, lakini hatari kubwa ni umeme. Kila jengo lina waya wake wa ardhini, na mara nyingi hizo ardhi mbili hazilingani. Ukiziunganisha kwa shaba, umeme unaweza kupita mahali usipotakiwa, na radi ya masika ikipiga karibu, huo waya wako ndio barabara yake ya kuingilia ndani. Zinaweza kuungua mashine, na mtu akaumia. Kama waya ni lazima, tumia ule wa nyuzi za kioo, ambao mafundi huuita fiba. Kioo hakipitishi umeme, ila hakikisha hauna uzi wa chuma ndani yake. Na mtaa ni mali ya umma. Usitundike waya juu yake bila kibali cha wanaohusika na barabara hiyo.

Sheria nayo ipo. Mawasiliano nchini yanaongozwa na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, chini ya usimamizi wa TCRA. Kujiunganishia nyumba na stoo yako ni jambo moja. Kumuuzia jirani intaneti ni biashara ya mawasiliano, na biashara hiyo ina leseni zake. Nunua vifaa vilivyoidhinishwa, na usivunje viwango vya nguvu vilivyowekwa, kwani jirani yako naye ana biashara ya kuendesha kwa mawimbi hayohayo.

Kupanga ni kuchagua. Kabla hujafungua pochi, panda juu, simama pale unapotaka kuweka antena, uangalie ng'ambo. Kama njia iko wazi, vifaa vya kawaida vitatosha. Kama kuna ukuta katikati, hakuna busta itakayoubomoa.