Usimbebee mzigo wake

Tabora ni mji wa shule, na sifa hiyo imejengwa na mabweni. Waingereza walipoanzisha shule ya serikali hapa katika miaka ya 1920, walilenga kwanza watoto wa machifu, waliotolewa makwao na kuja kulala shuleni. Julius Nyerere aliingia mwaka 1937 akitokea upande wa Musoma, mbali kabisa na mama yake. Ukiuliza ni nani huwasaidia wanafunzi wa bweni masomo ya jioni, jibu ni kengele. Inapolia wanakwenda prepu, wanainama kwenye madaftari mbele ya kiranja, mpaka ilie tena. Mzazi huletewa ripoti mwisho wa muhula, basi.

Labda ndiyo maana wazazi wengi wa mkoa huu, ukiwatajia kazi za nyumbani za mtoto wa darasa la tatu, wanakutazama kana kwamba umewaomba wakashike chaki. Masomo si ya shule, bwana? Lakini mtoto wa shule ya msingi ya kutwa hana bweni wala kengele. Anarudi nyumbani anakuta ndoo za maji zinamsubiri, mdogo wake anataka kubebwa, na kule Urambo, Kaliua na Sikonge anakuta tumbaku. Msimu wa mavuno majani yanachumwa, yanafungwa na kupelekwa kwenye bani la kukaushia, na moto wa bani hauachwi peke yake usiku. Vidole vidogo vina kasi ya kufunga majani. Mwalimu akiandika maswali kumi ubaoni siku kama hiyo, asubuhi utawakuta watoto chini ya mwembe wamemzunguka mwenzao mmoja aliyeyafanya, kila mtu ananakili mbiombio kabla ya kwenda mstarini.

Mjini mambo yanaonekana tofauti, ila ugonjwa ni ule ule. Maswali yanatumwa kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa. Hazipiti dakika nyingi, mzazi mmoja mwenye moyo wa huruma, au kaka mtu aliye chuoni, anarusha picha ya majibu. Usiku huo madaftari ya mtaa mzima yanajaa vyema, wenyewe wamekwisha lala. Asubuhi mwalimu anaweka vema nyekundu kwa kazi ya watu wazima.

Hapo ndipo ninapoikumbuka njia ya misafara, ile ya kutoka Bagamoyo kupita Tabora kwenda Ujiji. Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kazeh, yaani Tabora ya siku zile, mwaka 1857, aliandika jinsi mtoto wa Kinyamwezi alivyozoeshwa upagazi tangu mdogo kwa kubeba kipande kidogo cha pembe begani. Mzigo wa mpagazi mzima ulikuwa kama frasila mbili, zaidi ya kilo 30, na mtoto hakutwishwa huo. Wala hakuachwa atembee mikono mitupu baba akabeba wa wote wawili. Sisemi haya ili kuusifu upagazi. Kazi ile iliua watu wengi, na njia hiyo hiyo ilipitisha watumwa. Ninachokitamani ni ule uzito uliopimwa kwa umri, na mkubwa aliyetembea jirani bila kumpokonya mdogo mzigo wake.

Kutembea jirani hakuhitaji cheti. Chukua swali moja la darasa la tano: lita 20 za asali zinajaza chupa ngapi za nusu lita? Watoto wengi wataandika 10. Wameona 20, wameona nusu, wamegawanya kwa mbili. Sasa muulize mama anayeuza asali kando ya barabara, ambaye pengine aliishia darasa la nne. Atasema 40 kabla hujamaliza kuuliza, kwa sababu yeye amezijaza hizo chupa kwa mkono wake. Jioni, mama huyu akikaa na mwanawe, hahitaji kujua kanuni ya kugeuza sehemu juu chini. Inatosha aseme, "Haya, lete chupa, lita moja inajaza ngapi?" Mtoto atajaza mbili, atanyamaza kidogo, halafu ataifuta ile kumi mwenyewe. Asipoifuta, mama asimfutie. Amwache aende nalo kosa lake shuleni, maana mwalimu anayeletewa majibu sahihi matupu hawezi kujua pa kurudia.

Kuna mtego mwingine ambao watu hawausemi. Vitabu havitoshi, hivyo maswali hunakiliwa ubaoni, na mtoto wa darasa la pili akinakili 36 anaweza kuileta nyumbani ikiwa 63. Baba anahangaika na swali ambalo mwalimu hakulitoa. Akilipata, analipata kwa njia aliyofundishwa yeye enzi zake, na mtoto anaanza kulia, "Mwalimu hakufundisha hivyo!" Tangu mtaala mpya uanze kutumika Januari 2024, kilio hicho kimepata nguvu zaidi. Mzazi mwenye busara haendelei kubishana. Anasema, "Nionyeshe mwalimu alivyofanya." Na kama nyumbani kunasemwa Kinyamwezi au Kisukuma, maelezo hayo yaende kwa Kinyamwezi au Kisukuma. Kuna wanaodhani lugha ya bibi itamharibia mtoto Kiswahili. Mimi nadhani mtoto aliyeelewa kugawanya kwa lugha ya bibi ameelewa kugawanya.

Kuhusu bibi, tusimdharau. Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa wa elimu ya watu wazima, na katika madarasa ya kisomo yaliyofuata, baadhi ya walimu walikuwa vijana waliotoka tu kumaliza darasa la saba. Kizazi kile kilifundishwa kusoma na watu wa umri wa watoto wao, hakikuona aibu. Bibi wa namna hiyo akimwambia mjukuu, "Nisomee hiyo habari, macho yangu hayaoni vizuri," amempa zoezi zuri kuliko tuisheni nyingi za kulipia. Mtoto anayesoma kwa sauti mbele ya mtu anayetaka kujua kilichotokea hawezi kurukaruka mistari.

Walimu nao wana lao. Tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016 madarasa yamefurika, na hakuna binadamu anayeweza kusahihisha maswali kumi ya watoto mia kila siku. Kwa hiyo yanatolewa, hayasahihishwi, na mtoto anajua. Kikao cha wazazi huzungumza michango ya chakula na madawati mpaka jua linazama. Siku moja wazungumze hili: msimu wa tumbaku maswali yawe matatu, mwalimu ayapitie yote matatu, na mzazi asaini chini ya ukurasa kuonyesha kwamba alikaa na mwanawe. Asiyejua kuandika aweke dole gumba, kama anavyolitumia kwenye karatasi za chama cha msingi cha ushirika.