Sungura chotara: usilipie rangi, lipia afya

MWISHO wa mwezi, katika nyumba za kupanga za Mbagala na Chamazi wilayani Temeke, au Boko na Bunju wilayani Kinondoni, si vitanda na makabati tu vinavyotafutiwa wanunuzi. Mpangaji anayehama mara nyingine huwa na sungura nyuma ya nyumba. Waliletwa wawili kuwafurahisha watoto, wakazaliana, na kule anakohamia hawatakiwi. Hapo bei hushuka haraka.

Kwa mfugaji mdogo hiyo ni nafasi, mradi ajue anachonunua. Wengi ni chotara, wenye damu ya New Zealand, California au Chinchilla iliyochanganyika na ya kienyeji. Chotara si mnyama mbaya. Kwa kitoweo anafaa sana. Ila watoto wake hawatabiriki: mama mkubwa anaweza kuzaa watoto wanaodumaa. Kwa hiyo muuzaji anayedai bei ya mbegu aonyeshe baba, mama na daftari la uzazi. Kama hana, mnunuzi alipe kwa uzito, rangi nzuri isimpumbaze.

Ukaguzi hauhitaji zaidi ya dakika kumi. Tazama ndani ya masikio. Magamba ya kahawia ni dalili ya utitiri. Pua iwe kavu. Geuza miguu ya mbele, kwani sungura mwenye mafua hujifutia makamasi hapo na manyoya hugandamana. Meno ya juu na ya chini yakutane. Sehemu ya nyuma ikiwa imechafuka kwa kuhara, achana naye hata ukipewa bure.

Kosa linalowagharimu wengi ni jinsia. Watoto wa chini ya miezi miwili ni vigumu kuwatofautisha, na si ajabu mtu "jozi" yake ikawa madume wawili, wakaanza kung'atana wakikomaa. Na hata jozi ikiwa sahihi, ndugu wa tumbo moja wasipandishwe. Jike nunua nyumba moja, dume nyingine. Jike aliyekaa banda moja na dume huenda ana mimba tayari, na mimba ni siku 30 hadi 32 tu. Wekea kiota mapema.

Mwombe muuzaji chakula cha siku chache, ubadilishe kidogo kidogo, maana tumbo la sungura halipendi ghafla. Wageni wakae mbali na wenyeji kwa wiki mbili.

Joto la Dar es Salaam ni adui mwingine. Kati ya Desemba na Machi, dume aliyekaa chini ya bati hupungukiwa na nguvu ya mbegu, na mnunuzi hudhani ameuziwa tasa. Kabla ya kumchinja, mhamishie kivulini, umjaribu tena baada ya miezi miwili.