Kwa nini wanyama husema katika hadithi za Kiswahili?

Mzazi wa Afrika Mashariki aishiye Bordesley Green, mashariki mwa jiji la Birmingham, Uingereza, akimsimulia mwanawe kisa cha Kima na Papa, halazimiki kueleza kwa nini wanyama hao wanazungumza. Mtoto haulizi. Hata hivyo, swali hilo lina uzito wake.

Jibu la kwanza limo katika lugha yenyewe. Katika Kiswahili, mnyama na mtu huwa na ngeli moja: mtoto amekuja, simba amekuja. Sungura huingia hadithini akiwa tayari ni mhusika kamili.

Jibu la pili ni la kihistoria. Kisa hicho kimo katika mkusanyiko wa hadithi za Unguja alioutoa mmisionari Edward Steere, London, mwaka 1870. Papa anamkaribisha Kima kwao, anambeba, na wakiwa baharini anamweleza kwamba Sultani wake ni mgonjwa, na dawa ni moyo wa kima. Kima anajibu kuwa ameuacha moyo wake mtini. Anarudishwa pwani, anaokoka.

Kisa hiki kina ndugu yake katika Panchatantra ya India, iliyowafikia Waarabu katika karne ya 8 kwa jina la Kalila na Dimna. Huko, msaliti ni kiumbe mwingine wa majini. Watu wa pwani wakamweka papa, wanayemfahamu.

Jibu la tatu linahusu mamlaka. Asiyethubutu kumtaja mtawala kwa jina, humtaja simba. Ndiyo maana Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya riwaya ya George Orwell, iliyotoka mwaka 1967, haikuwa ngeni masikioni mwa Waswahili. Naye Ebrahim Hussein, katika tamthilia yake Mashetani ya mwaka 1971, alimkutanisha Shetani na Binadamu ili kuihoji jamii iliyotoka ukoloni.

Kisa cha Kima chaweza kusimuliwa kwa Kiingereza, na Kima akaokoka vilevile. Lakini akiwa mbali na mti wake, bila nguvu wala pa kukimbilia, kilichomwokoa ni ufasaha. Mzazi wa Bordesley Green anayemsimulia mwanawe kwa Kiswahili anamrithisha kisa, pamoja na ulimi wa kukisemea.