Kizazi, nyonga na kiuno: Maneno yanayomtatiza mwanafunzi wa afya

MWANAFUNZI mmoja wa uuguzi aliyekuwa kwenye mafunzo ya vitendo mjini Kitale alinisimulia kisa kilichonipa mada ya leo. Mama wa watoto watano alifika kliniki akiwa na wasiwasi. “Sista, mimi nilifungwa kizazi mwaka jana. Mbona bado naona mwezi? Ama ile kazi haikufanywa vizuri?”

Mwanafunzi huyo anaujua mfumo wa uzazi barabara, ila kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili alikwama.

Tatizo li katika neno ‘kizazi’. Mbali na maana ya watu wa rika moja, neno hili hutumiwa kumaanisha uwezo wa kuzaa na pia kiungo anamokulia mtoto. Mama aliposikia “kufunga kizazi”, alidhani kiungo chenyewe kimezibwa. Kinachofungwa hasa ni mirija ya uzazi, yaani mirija miwili inayopitisha yai kutoka kwenye ovari. Mji wa mimba hauguswi, na kwa kuwa hedhi hutokana na kumomonyoka kwa utando wa ndani wa mji huo, mama ataendelea kuona mwezi kama kawaida. ‘Kutoa kizazi’ ni jambo jingine kabisa: hapo mji wa mimba wenyewe huondolewa, na hedhi hukoma. Kauli hizi mbili zinatofautiana kwa kitenzi tu, lakini anayezichanganya anaweza kumtia mgonjwa hofu isiyo na msingi au kumfanya akubali asichokielewa.

Mkanganyiko wa pili unahusu ‘mlango wa kizazi’. Aghalabu, hata sisi wanahabari husema “saratani ya nyumba ya uzazi” tunapokusudia saratani ya mlango wa kizazi. Nyumba ya uzazi ndiyo mji wa mimba. Mlango wa kizazi ni sehemu yake nyembamba ya chini inayotokeza ukeni. Chanjo ya HPV, iliyoanza kutolewa kwa wasichana wa miaka 10 nchini Oktoba 2019, hukinga dhidi ya saratani ya mlango huo. Mzazi akiambiwa kijuujuu kwamba chanjo ni “ya nyumba ya uzazi”, si ajabu akauliza iwapo bintiye atakuja kuzaa.

Tuingie kwenye mifupa. Mwanafunzi mwingine, huyu wa Bungoma, alimsikia mjamzito akiambiwa kwamba huenda akafanyiwa upasuaji kwa sababu “nyonga ni ndogo”. Mama akajitazama, akacheka: “Na hiki kiuno chote?”

Kiuno ni sehemu ya mwili iliyo kati ya mbavu na nyonga, pale tunapofungia mshipi. Nyonga ni pale paja linapoungana na kiwiliwili. Fupanyonga nalo ni pete ya mifupa inayoundwa na mifupa miwili ya nyonga, sakramu na kifandugu, yaani kile kifupa cha mwisho wa uti wa mgongo. Mtoto hupitia katikati ya pete hiyo. Kwa hivyo, kinachozingatiwa ni nafasi iliyo ndani, wala si upana wa makalio unaoonekana kwa nje. Mwanamke mwenye umbo pana anaweza kuwa na njia finyu, na mwembamba akajifungua bila shida.

Vilevile, tunaposema mzee “amevunjika nyonga” baada ya kuanguka, mara nyingi kilichovunjika ni sehemu ya juu ya fupaja, ule mfupa wa paja. Na “mguu umevunjika” haijatosha: ni fupaja, ni pia ya goti au ni muundi? Kiswahili kinayo majina hayo. Kinacho hata ‘mtulinga’ kwa mfupa unaotoka begani hadi kidarini, na ‘gegedu’ kwa ile tishu laini inayokinga ncha za mifupa kwenye viungo.

Kitale na Bungoma ni miji ya Wabukusu, Wasabaoti, Wateso, Wapokoti na wengineo. Katika wadi, Kiswahili ndicho daraja. Isitoshe, Sheria ya Afya ya 2017 inataka mgonjwa aelezwe hali yake kwa lugha anayoielewa. Sahihi ya mama kwenye fomu ya upasuaji ina maana gani ikiwa hakuelewa ni kiungo kipi kitakatwa?

Nawashauri wanafunzi watenge daftari lenye safu tatu: istilahi ya darasani, neno sanifu la Kiswahili, na jinsi wagonjwa wanavyosema. Tasfida kama ‘sehemu za siri’ ina heshima yake, lakini haimwonyeshi muuguzi panapouma. Anza na tasfida, kisha taja kiungo chenyewe kwa upole, onyesha kwenye mchoro, na umwombe mgonjwa akueleze alivyoelewa.

Yule mwanafunzi wa Kitale hatimaye alichora mji wa mimba na mirija yake kwenye karatasi. “Mama, nyumba iko sawa. Tulifunga hizi njia mbili tu za yai.” Mama akaitazama karatasi, akauliza kama anaweza kwenda nayo nyumbani.